Mechi Iliyouzwa na Mechi Iliyopotea

Mimi ni mtu wa Tanga, na mpira nilioujua utotoni ni wa miguu: matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani, na mawe mawili kuwa goli. Nilipofika Chicago mwaka 1988 kwa masomo, nikaja nikapata kazi ya ukarani katika maktaba na hatimaye nikabaki moja kwa moja, besiboli niliiona kuwa ni mchezo wa watu wasio na haraka yoyote duniani. Mmoja anarusha, mwenzake ameshika gongo (la kupigia, msomaji, si lile la kunywa) anakata hewa, na wengine wamesimama majanini wakingoja. Saa tatu zinapita, matokeo ni mawili kwa moja, na watu wanarudi nyumbani wamefurahi.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee aliyestaafu kazi ya reli, mshabiki wa White Sox, timu ya upande wa kusini wa mji. Kila mwisho wa Septemba, ligi ilipokuwa inafungwa na timu za mchujo zimekwisha kujulikana, mzee huyo alichukua bahasha kuukuu, akaandika mgongoni mwake kwa kalamu ya risasi nani atakutana na nani, nani atashinda na kwa mechi ngapi, kisha akaibandika kwenye mlango wa jokofu. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hadi ubingwa upatikane. Alipokosea hakufuta. Aliandika pembeni sababu iliyompoteza. Nilimuuliza faida ya kuhifadhi makosa, akaniambia kwamba mtu asiyeandika utabiri wake mapema, baadaye hukumbuka kuwa alijua.

Mwaka 2005 White Sox walichukua ubingwa kwa mara ya kwanza tangu 1917, wakiwashinda Houston Astros mechi nne bila. Bahasha ya mzee ilikuwa imesema watatolewa na Boston katika raundi ya kwanza. Boston waliondoka kwa mechi tatu bila. Mzee alicheka hadi machozi yakamtoka, na bahasha ilikaa pale pale hadi Krismasi. Alifariki mwaka 2009, nami nikairithi desturi yake, ila nikaongeza jambo ambalo yeye asingelifanya: zilipokuja simu za kutumiana ujumbe bila gharama, nilianza kuwapelekea ndugu zangu Tanga na Dar es Salaam utabiri wangu wa kila mwaka. Nilidhani nawachekesha. Wengi wao hawajui hata idadi ya wachezaji wa timu.

Basi Oktoba ya mwaka 2022 nilipoteza ada ya mtoto wa dada yangu, na mkono wangu haukugusa hata senti yake.

Naomba nieleze kwanza mchujo wenyewe ulivyo, kwa sababu ndimo mtego ulimokaa. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30 katika matawi mawili, American na National, na kila timu hucheza mechi 162 kwa mwaka. Zamani mshindi wa tawi hili alikutana na mshindi wa tawi lile katika fainali, World Series, na mambo yakaisha. Mwaka 1969 iliongezwa raundi moja kabla ya fainali, mwaka 1995 ikachezwa nyingine, na tangu 2022 timu 12 ndizo zinazoingia mchujo: raundi ya kwanza mwenye kushinda mbili katika tatu, ya pili tatu katika tano, na mbili za mwisho nne katika saba. Yaani timu hufanya kazi miezi sita, mechi 162, kisha hupimwa kwa mechi tatu au tano.

Mwaka ule Los Angeles Dodgers walikuwa wameshinda mechi 111. San Diego Padres walishinda 89. Walikuwa wamekwisha kukutana mara 19 katika ligi, na Dodgers walishinda 14. Mimi, mwanafunzi wa mzee, niliandika kwamba hapa hakuna shaka hata chembe. Maneno yenyewe ndiyo hayo, na bado ninayo katika simu. Mpwa wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia chuo Dar es Salaam, aliyasoma kama mtu anavyosoma cheti. Kumbe kampuni za kubeti za kule nyumbani huorodhesha hata besiboli ya Marekani. Akaweka kwenye mkeka wake ada ya muhula mzima, fedha ambazo mama yake alizikusanya kwa kuuza vitenge.

Dodgers walishinda mechi ya kwanza, wakapoteza ya pili na ya tatu. Katika ya nne, usiku wa tarehe 15 Oktoba, walikuwa wanaongoza tatu bila hadi zamu ya saba kati ya zamu tisa. Katika zamu hiyo hiyo moja Padres walipata pointi tano. Kikawa kifo cha Dodgers, na si wao peke yao: Atlanta na New York Mets, kila mmoja mwenye ushindi wa mechi 101, nao walitolewa mapema, na Philadelphia waliokuwa na 87 wakafika fainali.

Siku ya pili simu iliita. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mjomba, si waliuza mechi?"

Nakiri mbele ya msomaji kwamba nilitamani sana kusema ndiyo. Kule kwetu timu kubwa ikifungwa na timu ndogo, kabla hata vumbi la uwanja halijatua, watu wamekwisha kusema imeuzwa. Na kama haikuuzwa basi kuna mtu amechimbia kitu golini. Jibu la namna hiyo lingetuponya sote wawili. Yeye angekuwa ameibiwa, nami ningekuwa mtabiri niliyedhulumiwa. Nilimwambia sijui, nitaangalia. Dada yangu alipopata habari hakunipigia simu hadi mwezi wa Machi, ingawa fedha nilikuwa nimekwisha kuzirudisha mwezi wa Novemba.

Kuangalia kwenyewe nilikufanyia mahali pa kazi, chini kabisa, penye filamu za magazeti ya zamani. Nilianza na jina ambalo mzee alikuwa akilitaja kila mwaka alipobandika bahasha: Hugh Fullerton.

Fullerton alikuwa mwandishi wa michezo, na mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwa Chicago. Alikuwa katika wale wa kwanza kabisa waliochukulia kubashiri fainali ya besiboli kuwa ni kazi ya akili, si ramli. Alimlinganisha mchezaji na mchezaji, nafasi kwa nafasi, akatazama nani atarusha siku gani, akajumlisha na kutoa. Mwaka 1906 fainali ilikuwa ya ndugu wa mji mmoja: Cubs wa upande wa magharibi na White Sox wa upande wa kusini. Haijapata kutokea tena timu hizo mbili zikakutana katika fainali. Cubs mwaka huo walikuwa wameshinda mechi 116 na kupoteza 36 tu, kiwango ambacho hakuna timu iliyokifikia tangu hapo. Seattle walifikisha ushindi 116 mwaka 2001, lakini kwa mechi 162. White Sox walikuwa timu iliyopiga vibaya kuliko zote katika tawi lao. Mwaka mzima timu nzima ilitoa mpira nje ya uwanja mara saba. Watu waliwapachika jina la mabingwa wasiojua kupiga. Walichokuwa nacho ni warushaji.

Fullerton alikaa, akapiga hesabu, akaandika kwamba White Sox watashinda. Mhariri wake alisoma akaona gazeti litachekwa mji mzima, akayaweka makala kabatini. White Sox walishinda mechi nne kwa mbili. Ndipo makala yakatolewa, mechi zikiwa zimekwisha. Hadithi hiyo imetiwa chumvi tangu hapo, hata wapo wanaosema mtu huyo alitabiri na mvua. Lakini kiini chake ni hicho, na jina la Fullerton likawa la kutajwa. Kwa miaka mingi baadaye magazeti ya miji mbalimbali yalinunua utabiri wake kila Oktoba.

Sasa naomba tuzitazame zile mechi sita zenyewe, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi kule chini ya maktaba. Ya kwanza ilichezwa katika baridi ya theluji nyepesi, White Sox wakashinda mbili kwa moja. Ya pili wakafungwa saba kwa moja. Ya tatu wakashinda tatu bila, ya nne wakapoteza moja bila. Ya tano na ya sita, timu isiyojua kupiga ikapata pointi nane na nane. Ukikusanya mechi zote sita, White Sox walifanikiwa kupiga chini ya mara moja katika tano, na Cubs wakubwa wale wakawa chini yao kwa unywele. Na nani aliyefungua njia? Mtu mmoja aitwaye George Rohe, mchezaji wa akiba, aliyeingizwa kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa. Katika mechi ya kwanza alipiga mpira uliompeleka hadi kituo cha tatu na kuanzisha pointi ya kwanza. Katika ya tatu alipiga mwingine wa namna hiyo hiyo, wenzake watatu wakiwa vituoni, na zile pointi tatu zote zikatoka hapo. Mwaka uliofuata alicheza, kisha hakuonekana tena katika ligi kuu.

Kwa hiyo Fullerton alipatia. Lakini je, alipatia kwa sababu alizozitoa? Warushaji wa White Sox walifanya aliyoyasema, ni kweli. Rohe hakuna aliyemwona. Nimesoma kiasi cha kutosha kuamini kwamba laiti mechi zile zingerudiwa mara kumi, Cubs wangeshinda zaidi ya nusu, na tusingemjua Fullerton ni nani. Nasema hivi bila kumvunjia heshima, maana heshima yake kubwa inakuja baadaye, na inatokana na utabiri uliokosea.

Kabla ya kufika huko nataka kumtaja mtu mwingine, Frederick Mosteller, mwalimu wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Harvard na mpenzi wa Boston Red Sox. Mwaka 1946 timu yake iliyoshinda mechi 104 ilifungwa na St. Louis Cardinals katika mechi ya saba ya fainali. Wengine wakifiwa namna hiyo hunywa; yeye alipiga hesabu, na mwaka 1952 akatoa makala iliyouliza swali la mpwa wangu kwa lugha ya kitaalamu: timu iliyo bora hushinda fainali mara ngapi? Jibu lake lilikuwa kama mara 80 katika 100. Nilipolisoma nilisema kumbe si haba. Kisha nikaona kwamba alikuwa akizungumzia timu yenye uwezo wa kushinda mechi 65 katika kila 100 dhidi ya mpinzani wake, na katika mchujo wa siku hizi timu za kupishana hivyo ni nadra. Chukua timu yenye uwezo wa 55 kwa 100. Katika mechi saba itasonga mbele mara 61 hivi. Ukitaka iwe na uhakika wa 95 kwa 100, itabidi wacheze mechi 269, na Krismasi itawakuta uwanjani.

Nikawapa Dodgers wangu wa 2022 ukarimu wote: 60 kwa 100 katika kila mechi. Katika mechi tano hiyo ni mara 68. Zile 32 zilizobaki ni karibu theluthi. Mimi niliyeandika hakuna shaka hata chembe nilikuwa nimemkabidhi kijana bastola yenye risasi mbili katika matundu sita, nikamwambia haina kitu.

Sababu zake si za kichawi. Katika mpira wa miguu timu ya leo ni ile ile ya kesho, isipokuwa majeruhi. Katika besiboli mrushaji anayeanza leo hatarusha tena hadi siku ya tano, kwa hiyo kila siku unakutana na timu nyingine iliyovaa fulana zile zile. Na mpira uliopigwa vizuri kabisa unaweza kwenda moja kwa moja mikononi mwa mdakaji, wakati uliopigwa vibaya unaanguka penye pengo. Katika mechi 162 mambo haya husawazishana. Katika tano hayana nafasi hiyo. Hata bingwa hupoteza mechi sitini na zaidi kwa mwaka, na timu ya mkiani hushinda karibu idadi hiyo hiyo.

Basi ningeweza kumpigia mpwa wangu simu nikamwambia: la, hazikuuzwa, ni bahati tu. Lakini palikuwa na mwaka ule mwingine, ambao mzee wangu hakupenda kuuzungumzia hata kidogo.

Mwaka 1919 White Sox walikutana na Cincinnati Reds, fainali ya kushinda mechi tano katika tisa. Fullerton, kama karibu waandishi wote, alitabiri White Sox. Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: Reds ndio waliokuwa na rekodi nzuri zaidi, ushindi wa mechi 96 na kupoteza 44, dhidi ya 88 kwa 52 za White Sox. Lakini watu walisema tawi la American lina nguvu zaidi, na kwamba White Sox wana Eddie Cicotte, mrushaji aliyeshinda mechi 29 mwaka ule, na Joe Jackson, mpigaji ambaye wengi walimwona hana mfano. Kisha, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, mahotelini Cincinnati, fedha za wacheza kamari zikaanza kumiminika upande wa Reds bila sababu ya kimchezo. Dau likageuka.

Tarehe 1 Oktoba Cicotte alimgonga kwa mpira mpigaji wa kwanza kabisa wa Reds. Baadaye ilielezwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ishara. White Sox walifungwa tisa kwa moja. Fullerton alikuwa amekwisha kusikia minong'ono, akakaa katika jukwaa la waandishi pamoja na Christy Mathewson, aliyekuwa mrushaji mkubwa wa zama zake na sasa amestaafu. Wakakubaliana: kila tendo la uwanjani litakalowatia shaka, watalizungushia duara katika karatasi zao. Mechi ikifuata mechi, maduara yaliongezeka. Lefty Williams, mrushaji wa pili wa White Sox, alipoteza mechi tatu. Katika ya mwisho, ya nane, hakumaliza hata zamu ya kwanza. Reds walichukua ubingwa mechi tano kwa tatu.

Nami kule chini ya maktaba niliyaweka mawili haya bega kwa bega. Mwaka 1906, timu iliyopewa nafasi ndogo inashinda. Mwaka 1919, timu iliyopewa nafasi ndogo inashinda. Ukitazama ubao wa matokeo peke yake huoni tofauti yoyote. Lakini mtu yule yule alikuwapo katika zote mbili na alizijua zilivyo tofauti, si kwa sababu utabiri wake wa pili ulikosea. Waliokosea walikuwa wengi. Alijua kwa sababu alikuwa amekwisha kuandika, nafasi kwa nafasi, jambo gani anatarajia kutoka kwa nani. Na Cicotte alipogeuka kurusha mpira wa mwanzo wa mkusanyo na kuchelewa, Fullerton hakuuliza kwa nini White Sox wanafungwa. Aliuliza kwa nini mtu huyu, katika tendo hili, anafanya asivyofanya. Swali la kwanza huulizwa na kila aliyepoteza fedha. La pili linataka mtu aliyetazama mechi mia kabla ya hiyo.

Alilipa gharama yake. Siku iliyofuata fainali aliandika kwamba wachezaji saba wa White Sox hawatakuwapo mwaka ujao, bila kusema zaidi. Desemba, gazeti la New York World lilichapa makala yake iliyouliza waziwazi kama besiboli inaendeshwa kwa faida ya wacheza kamari. Magazeti ya mchezo wenyewe yalimkejeli. Aliitwa mwenye wivu, mtabiri aliyeshindwa kukubali kwamba amekosea. Kejeli hiyo ilinichoma niliposoma, kwa kuwa kwa upande wangu mimi ingekuwa ya haki.

Septemba 1920 Cicotte alikiri mbele ya baraza la uchunguzi kwamba alipokea dola 10,000. Jackson naye alikiri kupokea 5,000. Mahakama iliwaachia huru Agosti 1921, na siku ya pili yake Jaji Kenesaw Mountain Landis, kamishna mpya wa besiboli, akawafungia wachezaji wanane maisha. Jackson alikuwa amepiga vizuri kuliko wengi katika fainali ile ile, mara 12 katika nane zile, na mpaka leo watu wanagombana juu yake kama ni mwizi au ni mjinga aliyetumiwa. Mei 2025 kamishna wa sasa aliwaondoa katika orodha ya waliofungiwa, wote wakiwa wamekwisha kufa zamani. Na wapo wanaosema, kwa hoja ambazo siwezi kuzipuuza, kwamba Reds wale wangeshinda hata mchezo ungekuwa safi. Ubaya wa kuuza mechi ni kwamba hata aliyeshinda kwa haki hawezi tena kujua.

Nilimpigia mpwa wangu baada ya wiki kama tatu. Nilimweleza kwamba nimeitazama upya ile zamu ya saba, mpira kwa mpira, mara nne. Nilimwambia nilichokiona: wapigaji wa San Diego walipata mipira ya kupigika na wakaipiga, basi. Hakuna duara nililoweza kuchora. Akanijibu, "Kwa hiyo mjomba hawakuiba." Nikamwambia hawakuiba. Akasema, "Basi ni wewe," na hakusema kwa hasira. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na wewe kidogo. Alicheka, jambo ambalo sikulitarajia.

Sisemi kwamba shaka yake ilikuwa ya kipuuzi. Tangu Mei 2018, Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango kwa majimbo kuruhusu kamari ya michezo, huwezi kusikiliza utabiri wa mchujo katika televisheni bila kampuni ya kubeti kusimama kando ya mtabiri. Leo mtu anaweza kuweka dau juu ya mpira mmoja, utarushwa vizuri au vibaya. Novemba 2025 warushaji wawili wa timu ya Cleveland walishtakiwa kwa madai ya kupanga mipira ya namna hiyo na wacheza kamari. Wote wawili walikana. Ushindi wa mechi hauhitaji kuguswa kabisa, na Fullerton na Mathewson wangelazimika kuzungushia duara mpira mmoja katika mia tatu.

Siwatumii tena ndugu zangu utabiri wenye jina la mshindi peke yake. Oktoba 2025, Dodgers walipofika fainali dhidi ya Toronto Blue Jays, mpwa wangu, sasa yupo mwaka wa mwisho wa chuo, aliniandikia mwenyewe: mjomba, nani? Toronto walikuwa wameshinda mechi 94 na Dodgers 93. Nikamjibu Dodgers, 55 kwa 100. Akaandika, "Sasa hiyo si sawa na kusema hujui?" Nikamwandikia karibu sawa.

Walifika mechi ya saba, usiku wa tarehe 1 Novemba, ambayo Dar es Salaam ilianza saa tisa za usiku wa kuamkia tarehe 2. Alikesha. Dodgers walikuwa nyuma kwa pointi moja katika zamu ya tisa, wamebakiwa na watu wawili tu wa kupiga, Miguel Rojas akautoa mpira nje ya uwanja na kusawazisha. Mtu wa aina ya George Rohe, nilimwandikia, na yeye hakujua nasema nini. Zamu ya kumi na moja Will Smith naye akautoa nje, tano kwa nne. Mpigaji wa mwisho wa Toronto alivunja gongo lake mkononi, mpira ukadakwa, wakatolewa wawili kwa pigo moja. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi kwake. Aliniandikia kwamba hakuweka hata shilingi moja. Sikumuuliza mara ya pili.

Bahasha ilikuwa kwenye jokofu, na juu yake nilikuwa nimeandika: Dodgers, mechi sita. Nilichukua kalamu ya risasi nikaandika pembeni: saba, na Toronto walikuwa wazuri kuliko nilivyowaona.